Shangazi, nadaiwa mkopo wa chuo na bado nataka kusoma masta

*Shikamoo shangazi. Nilimaliza digrii miaka mitatu iliyopita, nadaiwa mkopo wa chuo ila sijui umefika ngapi sababu meseji zao sizifungui. Nina pia mikopo midogo midogo ya kwenye simu, mshahara wote unaishia huko. Sasa nataka kusoma masta, na kaka yangu anataka nimdhamini akope. Usiku silali. Nisome au niache?*

Marahaba mwanangu. Hilo la usome au uache tuliweke pembeni kwanza, utalijibuje na hata unadaiwa kiasi gani hujui?

Kafungue hizo meseji leo leo. Chukua daftari, andika deni la chuo limebaki ngapi, riba asilimia ngapi, tarehe ya kulipa ni lini, halafu chini yake shusha na vya kwenye simu kimoja kimoja, hata kile kidogo unachoona aibu kukiandika. Roho itakudunda, najua, lakini nahisi kinachokunyima usingizi ni huko kutojua.

Ukimaliza utashangaa, deni la chuo ndo kubwa ila sio linalokumaliza. Chukulia umekopa 100 kwenye simu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na kila mwezi unatoa ile 10 tu ili wakusogezee mbele, mwaka ukiisha umeshatoa 120 na ile 100 bado unadaiwa vilevile! Hivyo ndo vya kumaliza kwanza, kile chenye riba kali kuliko vyote ndo kianze. La chuo lipa kiwango wanachotaka usichelewe, faini zisije zikajipanga juu ya riba, na ukiona hata hicho kinakushinda waandikie kabla tarehe haijafika uombe wapunguze marejesho.

Kaka yako mwambie hapana. Mdhamini ndo anayefuatwa mkopaji akishindwa, na wewe hapo ulipo huna pa kuchomoa.

Haya, masta. Kuna watakaokwambia rudi shule tu marejesho yatasimama. Marejesho kusimama sio riba kusimama mwanangu, kwenye mikopo mingi riba inaendelea kutembea wewe ukiwa darasani, ikiwa ni asilimia 8 kwa mwaka basi kila 100 unayodaiwa inakaribia 117 baada ya miaka miwili, kwahiyo waulize wakujibu kwa maandishi. Na kukopa tena ili ulipie masta sikushauri kabisa, labda kama kuna cheo au kazi unayoijua kwa jina ambayo bila hiyo karatasi huipati. Kama ni kwa sababu wenzako wameenda, subiri.

Ila kusubiri sio kukaa. Tafuta skolashipu na zile nafasi za msaidizi wa utafiti au wa kufundisha ambazo chuo kinakulipia ada, nyingi zinafungwa miezi mingi kabla masomo hayajaanza, na ada ya maombi ikiwa kubwa omba wakusamehe, vyuo vingine vinakubali ukiomba. Ukipata ofa usirukeruke kabla hujauliza kama ada inalipwa yote au nusu, bima na nauli ni za nani, posho inaanza kuingia lini. Hilo la posho lichukulie siriaz maana inaweza kuchelewa, uwe na akiba ya kula miezi miwili mitatu bila kurudi kwenye simu.