Mchele umepanda Mwanjelwa, mfumuko wa bei asilimia 3: nani mwongo?
Dada, hapo hakuna mwongo. Umesema mchele pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, umepanda kwa theluthi nzima tangu Juni, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wanatangaza mfumuko wa asilimia 3 na kitu. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

Kwanza, wewe umeanza kuhesabu Juni, wakati Kyela na Usangu wanavuna na mchele uko chini. Wao wanalinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana.

Pili, na hili ndilo kubwa, hawapimi mchele peke yake wala Mbeya peke yake. Wanakusanya bei mikoa yote ya Bara: vyakula, kodi ya nyumba, nauli, mavazi, mawasiliano. Kila kundi lina uzito wake, kufuatana na utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18. Kwenye fahirisi hii ya bei (kipimo chao cha mfumuko, ambacho bei za 2020 ndizo msingi wa kulinganishia), vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa asilimia 28.2 tu. Sasa mtu ambaye nusu ya hela yake inaishia sokoni, mfumuko wa nyumbani kwake utafananaje na wa taifa? Mimi ningewabana hapo, si kudai wanapika namba.

Halafu mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinapanda polepole tu.