Jibu: Dawa ya kupe kujitenga kwenye bomba

Ndugu wa Njoro, umeuliza kwa nini amitrazi ya 12.5%, dawa ya kuua kupe, hugeuka nyeupe kama maziwa kwenye bomba la kupulizia kisha mafuta yanaelea, na kama ukipulizia hivyo hivyo kuna hatari. Ipo.

Amitrazi haiyeyuki vizuri majini. Kwenye chupa imeyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya mafuta, mara nyingi zaileni, pamoja na kiungo chenye tabia ya sabuni. Kiungo hicho ndicho hugawanya mafuta kuwa matone madogo mno. Weupe ni mwanga unaotawanywa na matone hayo. Maji ya chumvichumvi ya kisima, chupa iliyozeeka au mchanganyiko uliolala huyafanya yaungane na kupanda. Bomba hufyonza kutoka chini, basi ng'ombe wa kwanza hupata maji matupu na wa mwisho sumu kali.

Kwa lita 20 weka mililita 40, ila lebo yako ikisema tofauti fuata lebo. Tia maji nusu, dawa, koroga, ndipo ujaze. Tikisa kila mara, umalize siku hiyo. Punda na farasi usiwaguse nayo kabisa.

Na mikono kuwasha baada ya kuishika dawa? Utando unaofunika kila seli ya ngozi ni tabaka mbili za mafuta, nyembamba mno. Zaileni hujipenyeza humo, utando unalegea, madini ya potasiamu yanavuja, ya kalisi (kalsiamu) yanaingia ovyo, seli inakufa. Vaa glavu za nitraili (aina ya mpira). Ikikumwagikia, vua nguo unawe kwa sabuni. Aliyemeza asitapishwe, maana mafuta yakiingia mapafuni ni balaa kubwa zaidi. Hospitali mara moja, na chupa mkononi.