Mtu kafa, mbona hakuna turubai?

Swali lenu la wiki hii, "kitu gani cha kutisha ambacho wewe kinakuchekesha?", jibu langu nililijua kabla sijamaliza kulisoma: mauaji ya vijijini Uingereza. Ya kwenye tivii na vitabu jamani, sio ya kweli, msije mkaniitia polisi.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza, mwaka wa sita huu, na mchana ukishamaliza kugawa chai rimoti haina mjadala, wazee wanataka Midsomer Murders, tamthilia ya polisi na mauaji, hata kama ni marudio ya mara ya tano. Ilianza 1997 na mpaka leo wanatengeneza mpya. Ni mkoa wa kubuni, vijiji visafi, nyumba za kuezekwa kwa nyasi, maua kila dirisha, kanisa la mawe, halafu kila ukikaa kuangalia wanakufa watu wawili watatu. Mwanzoni nilikuwa nakaa pale nimekunja uso nasubiri msiba. Yaani mtu kaokotwa kafa asubuhi, mimi kichwani nawaza turubai litafungwa wapi, nani atapika, daftari la michango anashika nani, kumbe jioni ileile kijiji kizima kipo kwenye mashindano ya maua na mjane ndio anakata keki. Nikamuuliza bibi mmoja pale, ana miaka tisini na kitu, bibi hawa watu hawaziki? Akanijibu bila kutoa macho kwenye tivii, wanazika wakipata nafasi.

Hapo ndio nikaanza kucheka na sijaacha.

Maana kifo chenyewe hakichekeshi, kinachochekesha ni kwamba mtu kafa na hakuna aliyebadilisha ratiba. Inspekta anabisha hodi kuuliza jana usiku ulikuwa wapi, anaulizwa kwanza chai yake anaweka maziwa au haweki. Na mwandishi anahakikisha mapema kwamba marehemu hatakuliza. Angalia Agatha Christie, kitabu cha kwanza kizima cha Miss Marple, yule bibi wake mpelelezi, mwaka 1930, anayesimulia ni kasisi wa kijiji. Kasisi huyo anakata nyama mezani, na kisu mkononi anasema atakayemuua Kanali Protheroe ataufanyia ulimwengu wema. Kasisi! Haichukui muda kanali anakutwa kapigwa risasi, wapi? ndani ya chumba cha kasisi cha kusomea. Sasa hapo utalia au utacheka? Kanali mwenyewe hakuna aliyempenda, nyumbani kwake wala nje.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni ile riwaya ya M.C. Beaton ya 1992. Agatha Raisin, mama wa London mwenye hela zake na mdomo wake, kastaafu mapema kahamia kijijini Cotswolds, anataka wenyeji wamkubali, basi anaingia kwenye mashindano ya kuoka kishi (ni kama pai ya mayai na maziwa, msiogope). Kupika hajui. Anaenda London ananunua kishi dukani analeta kama kaioka yeye. Hashindi. Jaji anaila baadaye kwake nyumbani anakufa, ilikuwa na sumu. Sasa ona huyu mama alivyobanwa, ili ajitoe kwenye kesi ya kuua mtu lazima akubali mbele ya kijiji kizima kwamba kishi ilitoka dukani. Na ukisoma unaona kabisa kijiji kingemsamehe sumu haraka kuliko kumsamehe udanganyifu wa kishi. Mtu yeyote aliyewahi kupeleka maandazi ya kununua kwenye kikao cha kina mama akasema nimekesha nayo ataelewa ninachosema, sitaji mtu.

Filamu ya Hot Fuzz ya 2007 nayo imechukua jambo hilohilo ikalipeleka mpaka mwisho (kama hujaiona ruka hii aya, ila ina karibu miaka 20 bwana, ulikuwa wapi). Polisi wa London hodari mpaka wenzake wanaonekana wavivu, anahamishiwa kijijini, watu wanakufa kila siku na kituo kinasema ajali, ajali. Kumbe wanauliwa na wazee wa kijiji wenyewe kwa sababu wanaharibu nafasi ya kijiji kushinda tuzo! Mmoja kosa lake ni kuigiza vibaya jukwaani. Mwandishi wa gazeti naye, gazeti lake lilikuwa na makosa ya tahajia. Walirekodi Wells, mji aliokulia mwongozaji Edgar Wright, na kwa kuwa pale pana kanisa kuu la kutisha ukubwa wakalifuta kwa kompyuta ili paonekane kijijini.

Tatizo langu ni kusimulia nyumbani. Mama yangu yupo Tanga, Jumapili moja kwenye simu nikamwambia mama, jana wameonyesha jamaa kafungwa kwenye nyasi za uwanja wake mwenyewe, muuaji anamrushia chupa za mvinyo kwa yale manati makubwa ya vita vya zamani. Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Akasema, masikini, kaacha watoto wangapi? Nikamwambia mama ni igizo. Akasema najua ni igizo, kaacha wangapi? Na mimi sikuwa na jibu kwa sababu hata sikuwahi kuwaza, tamthilia yenyewe haikupi muda wa kuwaza, ukianza tu kuwahesabu watoto wa marehemu umeshafunga turubai na kicheko kimekwisha.

Sikukata tamaa. Wiki iliyofuata nikampa ile ya mwanamke aliyepondwa na jibini, jibini zima la duara, kubwa kama tairi la gari. Mama akasema inna lillahi, akauliza mazishi, akauliza wazazi kama wapo hai. Nikajua nimeshindwa tena, nikaanza kuaga.

Akasema, ngoja kwanza. Hiyo jibini waliila?