Spea za kuunda rimoti yako ya boti na ndege za mfano: agiza stiki na moduli, vingine nunua mtaani

Mkuu wa Mwanza uliyeuliza pa kupata vifaa vya kuunda rimoti ya chaneli 8, boti ya mfano kwanza afu baadaye ndege, nimeona wadau wengi wanakwambia agiza kila kitu China kije mzigo mmoja. Mi nipo Dar, nimeshaunda zangu na nyingine nimewaundia jamaa, na hapo natofautiana nao kabisa. Vya kuagiza ni viwili tu, stiki na moduli ya redio, yaani kile kibodi kinachorusha amri zako hewani. Vingine vyote vipo mtaani na ni afadhali uvinunue mtaani, maana unavipima na mita yako kabla hujatoa hela, kitu cha mtandaoni ukishakipokea kibovu ndo imetoka hiyo.

Tuanze na stiki, kwa sababu ndo rimoti yenyewe, vingine vinaifuata. Kuna zile ndogo za pedi za gemu zinazouzwa pamoja na Arduino (ile bodi ndogo ya kuprogramu itakayokuwa ubongo wa rimoti), bei chee, usiziweke kwenye kitu cha kuongoza kwa makini. Zinasogea kidogo sana, katikati zimelegea, kidole kikitikisika tu boti nayo inayumba. Unachotaka ni stiki kamili za rimoti, na njia nafuu ya kuzipata ni kununua rimoti nzima iliyokufa. Tafuta FlySky FS-i6 iliyoungua bodi au iliyovunjika kioo, watu wanazo zimekaa kwenye madroo na wanaziachia kwa bei ya maongezi. Humo unapata stiki mbili, swichi, antena na hata kasha, yaani kazi ya useremala yote umeikwepa. Ukitaka mpya agiza za sumaku, za RadioMaster au FrSky, hizo hazina kitu kinachosuguana ndani kwa hiyo hazichakai upesi, ila nyingi zinakula volti 3.3, soma maelezo ya muuzaji kabla hujaziunga kwenye 5.

Stiki ya mtumba ipime hivi. Weka mita kwenye omu, waya mmoja mguu wa kati wa voliumu ya stiki (kile kirezista cha kuzunguka kinachopima stiki imefika wapi), mwingine mguu wa pembeni, afu sogeza stiki taratibu sana mwisho hadi mwisho. Namba ipande au ishuke bila kuruka. Ikiruka ghafla au ikipotea sekunde moja afu ikarudi, hiyo voliumu imekwisha, mwambie mwenyewe ashushe bei au achana nayo. Pili isukume kushoto uiachie, soma namba, isukume kulia uiachie, soma tena. Namba mbili zikipishana sana ujue springi imechoka au ekseli imelegea, na boti yako haitanyooka hata ufanye nini kwenye programu. Voliumu peke yake ikiwa mbovu inabadilishika, ila jua kwamba stiki inazunguka nyuzi kama 60 tu wakati voliumu ya kawaida inazunguka karibu 300, kwa hiyo katika zile hatua 1024 ambazo Arduino inasoma wewe utatumia kama 200. Kwa boti zinatosha kabisa, kwa ndege utaanza kuhisi upungufu.

Halafu kuna jambo la boti ambalo sijaona mtu kaligusa. Stiki ya mafuta, yaani ya kuongeza na kupunguza mwendo wa injini, kwenye rimoti za ndege haina springi ya kurudi katikati, inakaa pale ulipoiacha. Boti yenye ESC (kidhibiti cha mwendo wa mota) ya mbele na nyuma inataka kinyume chake, ukiachia kidole irudi katikati injini isimame. Kwa kuwa unataka rimoti moja ifanye kazi zote mbili, chagua stiki ambayo springi yake unaweza kuifunga na kuifungua kwa skrubu, na hii muulize muuzaji kabla hujalipa.

Moduli ya redio. Njia ya bei ndogo ni nRF24L01+, ile yenye antena ya kufunga kwa nje. Feki zimejaa, na hapa ndo watu wanakata tamaa wakidhani hawajui kuandika programu. Ikifika tu, kabla ya kuichomelea popote, iunge kwenye Arduino ukiwa na maktaba ya RF24 uiulize kama ni aina ya plasi, kuna amri ya hivyo inaitwa isPVariant. Ikikataa, haitakubali kasi ya 250 kbps, na hiyo kasi ndogo ndo inayokufikisha mbali. Agiza hata tatu kwa mpigo.

Hata iliyo nzima itakusumbua ukiilisha vibaya. Inataka volti 3.3, mwisho kabisa 3.6, ukiipa 5 umeiua. Na usichukue umeme wake kwenye ule mguu wa 3.3 wa Arduino Nano, mguu ule unatoa kama miliampea 50 tu wakati moduli yenye kipaza ikirusha inavuta zaidi ya 100. Nunua kishusha volti cha AMS1117 ya 3.3, ilishe kutoka kwenye 5, afu weka kapasita ya maikrofaradi 47 au 100 kwenye miguu ya moduli yenyewe, karibu kabisa, sio mwisho wa waya. Ile hali ya boti kukata mawasiliano kila ukivuta mafuta, mara nyingi sana ukiifuatilia unakuta ni hiyo kapasita haipo. Na usiiwashe bila antena.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakwambia tumia chaneli ya 100 na kuendelea ili ukwepe wifi (hapa chaneli ni masafa ya redio, sio zile 8 za rimoti). Moduli inakubali mpaka 125, sawa, lakini kila chaneli ni megahezi moja juu ya 2400, na bendi iliyo huru inaishia 2483.5. Kwa hiyo baki chini ya 80, huko juu sio kwetu. Kama mfuko unaruhusu, ruka hii habari yote uchukue moduli ya ExpressLRS, mfumo mwingine wa redio wa rimoti, na risiva yake, inafika mbali zaidi, na suala la kupotea kwa mawimbi wameshalifikiria. Kwa ndege ntakushauri hiyo bila kusita.

Sasa vya mtaani. Kariakoo kwa wauza spea za redio, au kwa fundi redio yeyote hapo Mwanza, omba voliumu ya B10K, usikubali A. Hiyo A ni ya sauti, haipandi sawasawa. Herufi ikiwa imefutika zungusha hadi katikati upime, B itakupa karibu kilo-omu 5, A itakuwa mbali na hapo. Swichi za kunyanyua zipo, MTS-102 ya hatua mbili na MTS-103 ya hatua tatu, tundu lake ni milimita 6.

Betri pia nunua hapa hapa, kuzisafirisha kwa ndege ni usumbufu. Chukua zile za lithiamu za duara za 18650, mbili mfululizo, na ukiona imeandikwa 9900 mAh iache hapo hapo, nzima kabisa zinaishia kama 3500. Iliyotolewa kwenye betri ya laptopu na ikapimwa ni bora kuliko hiyo mpya ya urongo. Kuchaji tumia bodi ya betri mbili, TP4056 ni ya betri moja.

Hesabu ya Nano kabla hujanunua. Ina miguu 8 ya analogi, ila kioo cha OLED kinachukua A4 na A5, zinabaki 6. Stiki zinakula 4, voliumu 1, ya mwisho ipe betri ili rimoti ikuambie inapoisha, ukipitisha kwenye rezista mbili za kilo-omu 10 ili ile 8.4 ishuke iwe 4.2. Ongeza swichi tatu kwenye miguu ya kawaida, chaneli 8 zimetimia. Ukitaka zaidi ya hapo nenda Arduino Mega 2560 moja kwa moja.

Kwenye risiva andika hivi, mawimbi yakikosekana nusu sekunde mafuta yarudi 1500 (maikrosekunde za pigo linaloenda ESC, ndo katikati) kwa boti ya mbele na nyuma, kwa ndege yarudi 1000, yaani injini izime. Ijaribu nchi kavu, propela imetolewa, zima rimoti uone inafanya nini, ndo upeleke ziwani. Na siku ukifika kwenye ndege anza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, upate utaratibu wao kabla hujarusha.

Ukizipata stiki piga picha upande wa nyuma uweke hapa, ntakuonyesha waya upi ni upi.