Nitamjuaje domodomo dume bila kumpasua?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nasoma uvuvi, na utafiti wangu ni wa domodomo wanaovuliwa Ziwa Viktoria. Je, dume anaweza kutambulika kwa macho, bila kupasuliwa? Na umeme hafifu wanaoutoa, je, wa dume na wa jike unatofautiana?

Jibu: Anatambulika, ila akiwa amekomaa. Mlaze samaki ubavu, kisha tazama pezi la chini linaloanzia nyuma ya tundu la haja. Kwa jike, mstari wa mwili pale pezi linapoota umenyooka. Madume waliokomaa wa ukoo huu wa domodomo (Mormyridae) hubonyea hapo: mstari hupinda kuingia ndani, na vijiti vya pezi hunenepa kwenye mashina yake. Kazi yake huonekana wakati wa kutaga. Dume na jike hukaa ubavu kwa ubavu, dume akalikunja pezi hilo mfano wa kikombe, mayai na mbegu vikakutana humo. Domodomo wako ana pezi fupi la chini (refu ni la mgongoni), kwa hiyo tafuta mwanga mzuri na umpige picha kila mmoja.

Nakusihi usiandike "jike" kwa kila asiye na mbonyeo. Dume mchanga naye hana. Mwandike "hajulikani", kisha pasua wachache kuthibitisha. Utakuta tezi moja tu ya uzazi, ya kushoto; ndivyo ukoo huu ulivyo.

Umeme nao hutofautiana kwa baadhi ya samaki wa ukoo huu. Hutoka kwenye ogani iliyo shinani mwa mkia, kwa mipigo mifupi sana. Katika miaka ya 1980, watafiti Andrew Bass na Carl Hopkins walichunguza jamaa za domodomo wa Gabon, ambao mpigo wa dume hurefuka msimu wa kuzaa. Majike waliopewa homoni ya kiume ya testosteroni walianza kutoa mpigo wa kiume! Ila usiihamishie kanuni hiyo kwa samaki wengine wa umeme. Kule Amerika Kusini, Sternopygus dume hutoa mawimbi 50 hadi 90 kwa sekunde, jike 100 hadi 150. Kwa Apteronotus leptorhynchus ni kinyume, dume ndiye mwenye mawimbi mengi zaidi.

Ukipima umeme, andika halijoto ya maji kila mara. Maji yakipata joto mpigo hufupika, ukaja kumdhania dume kuwa jike.