Sindano ya miezi sita dhidi ya VVU: ni chanjo au dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninauza viazi Makambako, na mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma, nyumbani anafika mara mbili kwa mwezi. Nimesikia imetoka chanjo ya UKIMWI, unachomwa mara mbili tu kwa mwaka. Ni kweli? Niko mwezi wa tatu wa dawa za TB, je, nitaruhusiwa?
Mama wa viazi, Makambako

JIBU: Marahaba, dada. Sindano ipo, inaitwa lenacapavir, lakini si chanjo. Chanjo hufundisha mwili ujitengenezee askari wake. Kwa VVU tumeitafuta miaka mingi, hata hapa hapa Mbeya: jaribio la PrEPVacc lilishirikisha watu 1,512 wa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, na mwishoni mwa 2023 uchanjaji ukasimamishwa baada ya kuonekana hautazuia maambukizi. Liliniuma, maana watu wetu walijitolea kwa moyo.

Lenacapavir ni dawa. Kirusi hubeba vinasaba vyake ndani ya ganda lililojengwa kwa vipande vingi vya protini, mithili ya ukuta wa tofali. Dawa hii hujibana katikati ya tofali hizo. Ganda linashindwa kufikisha mzigo kwenye kiini cha seli, na maganda mapya yakijengwa yanatoka kombo. Ikichomwa chini ya ngozi ya tumbo hubaki pale na kutoka kidogo kidogo kwa miezi sita. Siku ya kwanza na ya pili unameza pia vidonge, ili dawa ifike haraka kwenye damu.

Matokeo ya jaribio la sindano hii ya 2024 niliyasoma mara mbili. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kawaida vya kila siku vya kujikinga na VVU, waliambukizwa 16. Usividharau vidonge kwa sababu hiyo: vipimo vya damu vilionyesha wengi hawakuwa wakivimeza. Kidonge kinaonwa na mawifi, kinasahaulika safarini, kinazua maswali. Sindano haionekani na mtu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025.

Masharti yake ni mawili. Kwanza upimwe VVU, kila mara kabla ya kuchomwa. Pili usiache kienyeji: dawa hukaa mwilini ikipungua kwa mwaka na zaidi, na ukiambukizwa wakati imebaki kidogo, kirusi kinaweza kujifunza kuihimili. Kaswende, kisonono na mimba haizuii, kwa hiyo kondomu bado ina kazi.

Sasa TB yako, na hapo ndipo ulipouliza vizuri. Rifampicin, iliyomo kwenye vidonge unavyomeza sasa, huufanya mwili uivunje lenacapavir upesi mno, kinga ikashuka. Zipo dozi za nyongeza kwa hali hiyo, ila kwa kuwa umebakiza miezi michache, mimi ningeanza na vidonge vya kila siku vya PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, vile vya tenofovir na emtricitabine, ambavyo rifampicin haivisumbui. Usikatize dawa za TB ili upate sindano. Ukienda kituo cha afya kuulizia PrEP, nenda na kadi yako ya TB.