Minyoo fundo kwenye nyanya: fangasi anasaidia ila sio dawa ya dharura

Ukiona nyanya zinanyauka mchana alafu jioni zinaamka, na maji umemwagilia vizuri tu, usikimbilie dukani kwanza. Chimbua mche mmoja taratibu, usivute, angalia mizizi. Ikiwa imevimba mafundo mafundo basi ni minyoo fundo, Meloidogyne, na hapo mbolea hata umwage gunia haisaidii. Kwenye maharage usichanganye na vile vinundu vya naitrojeni, vile ukivikwangua vinadondoka, fundo la minyoo halitoki maana ni mzizi wenyewe umevimba.

Mimi siku hizi natumia fangasi, Purpureocillium lilacinum, lebo nyingine zinamwita Paecilomyces kwa jina la zamani, ni huyo huyo. Wengi wanamtumia kama sumu alafu wanalalamika hafanyi kazi. Huyu anashambulia zaidi mayai, na jike mmoja anataga mamia ya mayai kwenye kifuko cha utelezi pale mzizini, kwahiyo minyoo walioshaingia ndani sio saizi yake, yeye anakupunguzia kizazi kinachofuata, na udongo ukiwa wa joto kizazi kimoja ni kama mwezi tu. Ndo maana naanza naye kitaluni, namwagia miche, alafu mashimo nayaandaa wiki mbili hivi kabla na samadi iliyooza vizuri nikiwa nimeshamchanganya humo, na siku ya kupandikiza narudia tena jioni udongo ukiwa na unyevu. Pampu iliyobeba dawa ya ukungu ioshe kweli kweli, maana huyu naye ni ukungu utamuua mwenyewe. Na pakiti iliyokaa inaanikwa jua dirishani mwa duka achana nayo.

Shamba likishajaa minyoo fangasi peke yake hatoshi. Kutoka nyanya kwenda bamia au hoho sio kubadilisha zao jamani, wote wanaliwa na minyoo hao hao. Mi napanda marejea, ile mikunde ya kurutubisha udongo, minyoo wakiingia kwenye mizizi yake hawakui mpaka kutaga, na ukiilaza ardhini inakuwa mbolea. Tagetes, yale maua ya marigold, nayo inafanya kazi ila ijae eneo lote miezi miwili mitatu, kile kimstari cha maua pembeni ni urembo. Mnavu uliojiotea ng'oa, nao unafuga minyoo.

Mbegu zenye VFN kwenye pakiti, ile N ndo ukinzani wa minyoo, zinasaidia sana, ila udongo ukivuka nyuzi 28 ukinzani unalegea, kwahiyo mlioko Moro na Pwani wekeni matandazo ya kutosha udongo upoe.